Mtwara hadi Kigoma kwa ndege: namna ya kupiga hesabu ya umbali, na ya muda utakaoutumia kweli

Dada mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Mtwara, kanga begani, simu mkononi, kioo kimepasuka kona moja. "Mjomba," akasema, "nikatie tiketi ya Kigoma. Hapa wameandika saa mbili na dakika saba. Nikiondoka saa nne asubuhi, mchana nakula kwa shangazi." Nikaipokea simu nikasoma. Kweli imeandikwa: Mtwara hadi Kigoma, kilomita 1,306, saa 2 na dakika 7. Hesabu haina kosa. Ila ndege ya kwenda hivyo haimo kwenye ratiba ya shirika lolote.

Tovuti za namna hii ni mashine za kikokotoo. Unaipa viwanja viwili, inachora mstari ulionyooka juu ya ramani, inaugawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, basi. Nyingi huchukua mwendo wa kilomita 805 kwa saa kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jaribu mwenyewe: 1,306 gawanya kwa 805, unapata dakika 97, ongeza 30, unapata 127, yaani zile saa 2 na dakika 7. Kwa hesabu hiyohiyo, Lindi hadi Mtwara ni dakika 35 kwa ndege. Sijamwona mtu aliyepanda ndege Lindi kuja Mtwara kwa tiketi ya kawaida. Watu wanapanda basi, kilomita mia na kidogo, wanashuka.

Kwa hiyo hapa kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mstari, ya pili ni ya safari. Zote zina kazi yake, na zote unaweza kuzipiga kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Hakikisha uwanja ndio wenyewe

Kila uwanja una herufi tatu zinazotumika kwenye tiketi. Mtwara ni MYW, Lindi (Kikwetu) ni LDI, Kilwa Masoko ni KIY, Songea ni SGX, Dar es Salaam ni DAR, Kigoma ni TKQ. Usitafute kwa jina peke yake, tafuta kwa herufi.

Mtego mkubwa kwa watu wa kusini ni Pemba. Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma, na mji wa Pemba wa Msumbiji una uwanja wake, herufi zake POL, zilizobaki tangu mji ulipoitwa Porto Amélia. Kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar, ni PMA. Ukiandika "Pemba" tu, mashine itakuchagulia inayotaka. Kutoka Mtwara, Pemba ya Msumbiji iko kama kilomita 295 kuelekea kusini. Pemba ya kisiwani iko kama 565 kuelekea kaskazini. Ukikosea hapo unasafiri kumpa ndugu yako mgongo.

Mtego mwingine ni Songea na Songwe. Songwe ni uwanja wa Mbeya, herufi zake MBI. Kwenye simu yenye kioo kidogo, vidole vikiwa vinene, majina haya hayapishani sana.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo

Fungua ramani ya simu, gusa juu ya njia ya kurukia ndege na ushikilie kidole. Zitatokea namba mbili: ya kwanza ni latitudo (kaskazini na kusini), ya pili ni longitudo (mashariki na magharibi). Hizi hapa za viwanja nitakavyovitumia, nimezikata desimali mbili:

Mtwara: −10.34, 40.18
Kikwetu, Lindi: −9.85, 39.76
Songea: −10.68, 35.58
Dar es Salaam: −6.88, 39.20
Kigoma: −4.89, 29.67

Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza maana yake ni kusini mwa Ikweta. Usiiache. Ukiandika Mtwara bila alama hiyo, mashine inakupeleka kaskazini mwa Ikweta, Ethiopia, kwenye nchi kavu ya Waafar, na umbali wa kwenda Kigoma unakuja namba ya ajabu ambayo utaiamini kwa sababu imeandikwa vizuri.

Kosa la pili ni la dakika. Vitabu na ramani za zamani huandika Mtwara iko nyuzi 10 na dakika 20 kusini. Hiyo si 10.20. Nyuzi moja ina dakika 60, kama saa, kwa hiyo dakika 20 ni theluthi moja: 10.33. Ukisoma 10.20 umeusogeza uwanja wa Mtwara kama kilomita 14 kaskazini, na bado hesabu itakubali.

Hatua ya 3: Piga umbali

Mabaharia wa zamani wanajua hili: nyuzi moja ya latitudo ni maili 60 za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo nyuzi moja ni kama kilomita 111. Longitudo nazo ni 111 pale Ikweta, ila zinabanana kadiri unavyoelekea ncha ya dunia, kama pande za chungwa lililomenywa. Kwetu kusini mwa Tanzania zimebanana kidogo tu. Unazidisha kwa kosaini ya latitudo, na kwenye nyuzi 10 kosaini ni 0.98 na kidogo.

Tufanye Mtwara na Songea, viwanja viwili vya pembezoni ambavyo vinakaribia kuwa mstari mmoja mashariki na magharibi.

Tofauti ya latitudo: 10.68 toa 10.34 ni 0.34. Zidisha 111, unapata kilomita 38.

Tofauti ya longitudo: 40.18 toa 35.58 ni 4.60. Zidisha 111, kisha zidisha 0.983 (kosaini ya nyuzi 10.5, katikati ya viwanja viwili). Unapata kilomita 502.

Sasa ni pembetatu ya Pythagoras, ileile ya kidato cha pili. Zidisha 38 kwa 38, zidisha 502 kwa 502, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Jibu: kilomita 503. Umemaliza.

Njia hii inaichukulia dunia kama meza, na dunia si meza. Lakini kwa viwanja vya ndani ya Tanzania kosa lake ni dogo mno. Mtwara na Kigoma, ambavyo viko pembe na pembe ya nchi, kwa njia hii vinatoa 1,305. Tovuti ilisema 1,306. Kilomita moja hiyo usigombane nayo. Ukitaka kupima mbali zaidi, tuseme Mtwara hadi Mumbai, hapo tumia kanuni ya duara kuu. Kwenye jedwali la kompyuta iandike hivi, nyuzi zikiwa zimeshageuzwa radiani (zidisha nyuzi kwa 3.1416, gawanya kwa 180):

=6371*ACOS(SIN(a)*SIN(b)+COS(a)*COS(b)*COS(d))

a na b ni latitudo za viwanja viwili, d ni tofauti ya longitudo, 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita.

Hatua ya 4: Geuza kilomita ziwe dakika

Hapa ndipo tovuti zinapotuangusha sisi wa mikoani, kwa sababu zinatupa mwendo wa ndege tusiyoipanda. Kwenye viwanja vyetu mara nyingi unapanda pangaboi, yaani ndege yenye mapanga yanayozunguka, si jeti. ATR 72 ikishatulia angani inakwenda kama kilomita 510 kwa saa. Dash 8 Q400, pangaboi pia lakini yenye haraka, inafika 667. Airbus A220, ambayo ni jeti, inakwenda kama 830. Cessna Caravan, ile ya injini moja inayotua Kilwa na Mafia, ni 300 na kitu.

Gawanya kilomita kwa mwendo, kisha ongeza dakika 20. Hizo 20 ni za kutambaa uwanjani, kupaa, kujipanga kutua, na kutambaa tena. Ratiba ya tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, si tangu magurudumu yanapoiacha ardhi.

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 400. Kwa ATR: 400 gawanya kwa 510 ni dakika 47, ongeza 20, saa 1 na dakika 7. Angalia tiketi yoyote ya njia hii iliyokatwa kwa pangaboi, utakuta iko hapohapo, dakika chache huku au kule.

Mtwara hadi Songea kwa Q400 ingekuwa dakika 45 na 20, saa moja na dakika tano.

Watu wa pwani wataniuliza upepo. Sisi tumelelewa na kusi na kaskazi, tunajua jahazi likikutana na upepo wa mbele linaweza kukaa siku nzima linapiga mbisho. Kwa ndege si hivyo. Chukua upepo wa kilomita 50 kwa saa unaokupiga usoni: ATR inabaki na 460, na Dar inafikiwa kwa dakika 52 angani badala ya 47. Dakika tano. Tena upepo wa huko juu si lazima uwe huu unaoangusha maembe Shangani. Kwa safari fupi usiuhesabu kabisa, rubani ameshauhesabu.

Hatua ya 5: Chora njia ndege inayopita kweli

Weka kikokotoo chini, fungua ratiba ya mashirika. Swali ni moja: kuna ndege ya moja kwa moja siku ninayotaka? Kwa viwanja viwili vya pembezoni jibu mara nyingi ni hapana, kwa sababu ndege zetu zinalala Dar, zinatoka Dar, na zinarudi Dar. Ukitoka Mtwara kwenda Kigoma, Songea au Bukoba, kwanza unapanda kaskazini hadi Dar, ndipo unageuka.

Cha kushangaza, umbali wenyewe hauongezeki sana. Mtwara hadi Dar 400, Dar hadi Kigoma kama 1,077, jumla kilomita 1,477. Mstari ulionyooka ulikuwa 1,306. Umezidisha kilomita 170 tu. Muda wa angani nao haujavimba: saa 1 na dakika 7 kwa ATR, kisha Dar hadi Kigoma kwa Q400 dakika 97 na 20, yaani saa 1 na dakika 57. Jumla saa 3 na dakika 4. Angalia pia kama ndege ya pili inatua mahali njiani. Ikitua, ongeza dakika 40 au zaidi kwa kila kituo.

Songea ni kinyume. Mstari ni 503, lakini kwa kupitia Dar ni 400 kujumlisha 580: karibu kilomita 980, mara mbili kasoro kidogo. Ni kama mtu wa Mikindani anayekwenda Naliendele kwa kupitia Lindi.

Hatua ya 6: Soma saa ya tiketi kwa saa yako

Hatua hii nimeiona ikiwakosesha watu ndege kuliko mvua. Tiketi inaandika 06:30. Mzee wa Newala anasoma "saa sita na nusu", anaoga, anakunywa chai, anafika uwanjani mchana na kofia yake safi. Ndege iliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kanuni ninayowaandikia wateja nyuma ya karatasi ya tiketi, kwa kalamu nyekundu: namba ikiwa chini ya 7, ongeza 6. Ikiwa kati ya 7 na 18, toa 6. Ikiwa zaidi ya 18, toa 18. Kwa hiyo 06:30 ni saa 12 na nusu asubuhi. 13:40 ni saa 7 na dakika 40 mchana. 20:15 ni saa 2 na robo usiku.

Ngumu kuliko zote ni 00:45. Hiyo ni saa 6 na dakika 45 usiku, na tarehe iliyoandikwa ni ya siku inayoanza. Tiketi ikisema Jumanne 00:45, unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu usiku, ule wa kuamkia Jumanne. Ukienda Jumanne usiku umechelewa kwa siku nzima.

Ndani ya Tanzania saa ni moja kila mahali, hata Kigoma ambako jua linachelewa kuchwa karibu dakika 40 kuliko kwetu. Ukivuka Ruvuma, Msumbiji wako nyuma kwa saa moja. Safari ya kwenda huko ukiisoma kwenye tiketi inaonekana fupi kwa saa nzima, na ya kurudi inaonekana ndefu. Zilete kwanza zote mbili kwenye saa ya Tanzania, ndipo utoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Hatua ya 7: Hesabu mlango kwa mlango

Nirudi kwa dada wa Kigoma. Nilichukua karatasi nikamwandikia mfano, siyo ratiba rasmi, ili aone safari inavyojengeka.

Jumatatu saa 2 na robo asubuhi anatoka Chuno kwa bajaji. Saa 2 na dakika 40 yuko uwanjani, saa mbili kabla ya ndege. Saa 4 na dakika 40 ndege inaondoka. Saa 5 na dakika 47 iko Dar. Ndege ya Kigoma inayofuata ni kesho yake saa 12 na nusu asubuhi. Analala kwa kaka yake Kipawa, kwa bahati ni jirani na uwanja. Jumanne saa 10 na nusu alfajiri yuko uwanjani tena. Saa 2 na dakika 27 anatua Kigoma, anasubiri begi, anapanda bajaji, saa 3 na nusu asubuhi yuko mlangoni kwa shangazi.

Kuanzia mlango hadi mlango: saa 25 na robo. Angani alikuwa saa 3 na dakika 4. Tovuti ilimwambia 2 na dakika 7.

Akaniangalia. "Sasa chakula cha mchana?" Nikamwambia cha Jumanne atakiwahi.

Namba inayotawala hapo ni ile ya kusubiri Dar, nyingine zote ni chenji. Kwa hiyo nguvu yako ya kupanga iweke hapo. Ukipata ndege inayofika Dar asubuhi na nyingine inayoondoka mchana siku hiyohiyo, umeokoa saa kumi na tano. Lakini usibane mno. Kati ya ndege mbili za ndani mimi siwekei mteja chini ya saa tatu.

Nina sababu. Mwaka fulani nilinunua tiketi mbili za mashirika mawili tofauti kwa sababu kwa pamoja zilikuwa na nafuu, nikaacha saa moja na nusu katikati. Ndege ya kwanza ilichelewa kutoka Mtwara kwa saa moja na dakika kadhaa. Nilipofika kaunta ya pili, dirisha limefungwa, na ndege naiona kupitia kioo bado imesimama. Yule binti wa kaunta alikuwa mpole, lakini kwao mimi nilikuwa abiria ambaye hakutokea. Tiketi ikapotea, usiku nikaumalizia kwenye benchi. Zikiwa kwenye tiketi moja, shirika linabeba jukumu la kukuunganisha na begi lako linasafiri hadi mwisho. Zikiwa mbili, jukumu ni lako, na begi unalipokea Dar, unaliburuta, unalipimisha tena.

Angalia na jengo la uwanja wa Dar. Safari za ndani za ndege kubwa kwa kawaida ziko Jengo la 2. Jengo la 3, lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje. Ndege ndogo za kwenda Kilwa na Mafia hutumia Jengo la 1, la zamani, ambalo liko upande mwingine wa uwanja na unahitaji gari kulifikia. Ukiwa na begi la korosho huwezi kukatiza kwa miguu. Ndege hizo ndogo pia zinabana mzigo, mara nyingi kilo 15 hadi 20 na begi laini. Sanduku gumu linaweza kubaki.

Kabla ya kulipa: ilinganishe na basi

Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560 kwa barabara. Basi linakula siku nzima, ndege mlango kwa mlango ni saa nne au tano. Ndege inashinda kirahisi, na masika yakichachamaa inashinda zaidi. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kule Kilwa na watu wakakwama pande zote mbili.

Kigoma usijiulize mara mbili, panda ndege hata kama unalala Dar.

Songea ndiyo yenye ubishi. Kwa barabara, kupitia Masasi, Tunduru na Namtumbo, ni kama kilomita 650 za lami. Ukiondoka stendi alfajiri, usiku uko Songea. Kwa ndege kupitia Dar, ikiwa ndege ya pili ni kesho yake, unafika siku ya pili, umelipa tiketi mbili na pengine gesti. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja na mahesabu yake ya saa moja na dakika tano, ameyapiga vizuri kabisa, hata kosaini ameweka. Nilimchapia tiketi ya basi.